Msimamizi wa Zamu na Mpira wa Pete wa Kiwandani

Ndani ya chumba cha kufumia nguo huwezi kumsikia mtu hata akikuitia sikioni. Mitambo inagonga safu kwa safu, sakafu inatetemeka, nyuzinyuzi za pamba zinaelea hewani, na ukitoka nje saa nane mchana unakuta dunia imekuwa kimya mpaka unajiuliza kama umekuwa kiziwi. Kwa hiyo sisi wafumaji tuliongea kwa mikono. Kugusa sikio, uzi umekatika. Kugonga kiwiko, niitie fundi. Ngumi kifuani, naumwa, nishikie mtambo wangu. Na kiganja juu ya utosi, hiyo kila mtu aliijua kuanzia siku yake ya kwanza kazini: Msimamizi anakuja.

Ndiye ninayetaka kuwasimulia. Jina lake nalijua, ila sijawahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo akiwa hayupo. Alikuwa msimamizi wa zamu yetu pale kiwanda cha nguo, Musoma. Mwanamke mfupi, mabega mapana, koti la kaki lenye mifuko minne, kilemba amekifungia nyuma, na filimbi shingoni. Filimbi ya nini, kwenye chumba ambacho hata king'ora kinamezwa na mitambo? Tuliicheka sana ile filimbi, mpaka siku alipotusimamisha mlangoni baada ya zamu ya asubuhi, akaanza kunyoosha kidole.

"Wewe. Na wewe. Wewe mrefu wa Suguti. Na wewe Nyangeta."

Akaendelea hadi tukafika saba.

"Tumekosa nini, Mama?" Nyangeta akauliza. Nyangeta alikuwa jirani yangu wa mtambo na ndiye peke yake aliyethubutu kumuuliza kitu.

"Hamjakosa. Nimewaangalia mwezi mzima. Mnasikilizana bila kufungua mdomo. Kesho saa kumi, uwanjani, mje na nguo ya kukimbilia."

"Tunakimbia kwenda wapi?"

"Hamwendi popote," akasema. "Mnacheza."

Leo neno hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini mimi, yule mrefu, nilitoka kijijini Suguti, na Suguti mchezo ulikuwa na msimu kama mtama. Mavuno yakishaingia ndani, vijana walipigana mieleka na ngoma zikalia siku tatu mfululizo, watu wakacheza mpaka miguu ikavimba. Mvua ikinyesha, basi, mpaka mwaka mwingine. Hakuna aliyekuwa anasema leo saa kumi tunacheza. Saa kumi ilikuwa ya kuni na maji. Na mwanamke akishaolewa, mchezo wake ulikuwa harusi za wenzake.

Kiwanda kilivunja mambo hayo bila kukusudia. Kilitufundisha saa. Kilitwambia ingia saa kumi na mbili, toka saa nane. Wengi wetu tulisikia ile "ingia" tu. Msimamizi ndiye aliyesikia ile "toka". Alikuwaga na usemi wake, aliurudia mpaka tukaukariri: "Kiwanda kimenunua saa zako nane. Zilizobaki ni zako, usimpe mtu bure."

Baba yangu alipopata habari kwamba binti yake anakimbia na sketi fupi mbele ya watu, alitoka Suguti siku hiyo hiyo, na fimbo yake na kofia yake ya kanisani. Akatukuta tuko katikati ya mazoezi. Msimamizi hakumkimbilia kwa maneno matamu. Alimletea kiti, akamwamkia kwa heshima zote, akarudi kupuliza filimbi. Baba akakaa. Alituangalia saa nzima bila kupepesa. Tulipomaliza alimuita.

"Hawa wanalipwa shilingi ngapi kwa hii kazi?"

"Hawalipwi, mzee wangu."

"Hawalipwi?"

"Hata senti."

"Yaani wametoka kazini wamechoka, halafu wanakimbia hivi bure?"

"Bure kabisa."

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Nyangeta akamletea maji. Halafu akasimama, akanitazama mimi. "Jumapili uje kanisani na gauni refu," akasema. Akaondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yake, na niliishi nayo miaka yote niliyocheza.

Nisiwadanganye kwamba Msimamizi alikuwa malaika. Alikuwa mkali kuliko king'ora. Siku moja Nyangeta alichelewa kazini dakika nne, mtoto wake amekesha na homa, na Msimamizi akamrudisha getini. Hakumuuliza kitu. Nyangeta aliapa hatamsemesha tena, na kweli, miezi miwili alicheza chini yake bila kumwambia neno. Walielewana kwa mikono tu, mmoja mstarini na mwingine uwanjani, na Wallahi nawaambieni, Nyangeta hajawahi kucheza vizuri kama miezi ile. Msimamizi hakuomba radhi. Sidhani kama alikuwa na neno hilo.

Halafu huyo huyo wa dakika nne, wiki ya mechi ikifika, aliichezea ratiba ya zamu kama mtu anayecheza bao. Huyu anahamia asubuhi, yule anabadilishana na dada yake, mimi napangwa kufagia karibu na mlango ili niwahi kutoka. Meneja akiuliza, anajibiwa kwa uso mkavu kwamba ni mahitaji ya uzalishaji.

Alikuwa mtu wa swala, na mwezi wa Ramadhani alifunga bila kukosa siku, lakini mazoezi hayakusimama. Alisimama juani, midomo imekauka, akitukataza sisi tusiofunga kunywa maji mbele ya mwenzetu mmoja aliyefunga. "Mkanywe nyuma ya stoo. Hapa tuko timu moja." Na aliogopa ziwa. Mtu ameishi Musoma, kila upande ukigeuka unaona maji, na yeye hajawahi kukanyaga mtumbwi. Tulipoalikwa kucheza kijiji cha ng'ambo ya ghuba, sisi tulivuka kwa mtumbwi tukiimba, yeye alizunguka kwa baiskeli ya kukodi. Alifika mechi imebaki nusu, vumbi mpaka kwenye kope, akauliza kwanza nani amekosea.

Kitu kimoja nilikigundua baada ya miaka mingi: sikuwahi kumwona akitupa mpira kwenye pete. Hata mara moja. Nilimuuliza. Akasema, "Mimi silengi. Mimi naona." Na ilikuwa kweli. Alikuwa anaona. Ndiye aliyetwambia tusipige kelele uwanjani kama timu zingine. "Mnapiga kelele za nini, na mikono mnayo?" Basi zile ishara zetu za mitamboni tukazihamishia kwenye mpira. Sikio, nipe pasi ya juu. Kiwiko, geuza upande. Ngumi kifuani, tubadilishane nafasi. Timu zilizotujia zilikuwa zinaitana mpaka sauti zinakauka, na sisi kimya, saba, tunazunguka kama mtambo uliotiwa mafuta. Watu wa mtaa wa Kamunyonge walikuwa wanakuja kutuangalia kwa sababu ya ule ukimya. Walisema timu ya kiwandani ina uchawi. Uchawi gani! Kelele ya mitambo ndiyo iliyotufundisha.

Sasa niwape ile ya Bunda, maana bila hiyo hamtamjua.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, dizeli ndiyo usiseme. Kulikuwa na kombe la wafanyakazi wa mkoa, na fainali ya wanawake ilitukutanisha na timu ya kinu cha kuchambua pamba cha Bunda, wenyewe wakiwa nyumbani. Asubuhi ya mechi tukaambiwa lori la kiwanda limechukuliwa na timu ya mpira wa miguu ya wanaume. Walikuwa na mechi ya kirafiki. Ya kirafiki!

"Wanawake mtacheza wiki ijayo," ofisi ikasema.

"Wiki ijayo kombe litakuwa limeshapata mwenyewe," Msimamizi akajibu, na akatoka. Hakupiga mlango. Alienda moja kwa moja kwenye stoo ya pamba, ambako lori kutoka Bunda lilikuwa linashusha marobota. Akamuuliza dereva, "Ukirudi Bunda unabeba nini?"

"Narudi mtupu, Mama."

"Hurudi mtupu."

Dereva akatuangalia tulivyojipanga na vikapu vyetu, akaelewa. "Lakini Mama, nyie si ndio mnaenda kutufunga sisi?"

"Ndiyo. Na wewe ndiye utatupeleka."

Tukapanda. Tuliimba mpaka Makutano ya Butiama. Mbele kidogo ya pale, tairi likapasuka, na tairi la akiba halikuwepo, kama ilivyokuwa kwa kila gari miaka ile. Dereva akasema dawa ni moja: kujaza majani ndani ya tairi na kwenda polepole. Basi tukashuka kukata majani. Msimamizi akapuliza filimbi. "Kateni huku mmechuchumaa! Inuka, chuchumaa! Hayo ndiyo mazoezi ya kupasha mwili!" Wachungaji wa ng'ombe waliokuwa karibu walisimama wakatazama wanawake wazima wanachuchumaa na kuinuka na majani mikononi, wakashindwa hata kuuliza.

Tulifika Bunda tumechelewa, vichwa vyetu vyote vyeupe kwa pamba ya lile lori. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya ukuta wa kinu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Wameleta vikongwe!" na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyangeta alitaka kujifuta. Msimamizi akamshika mkono. "Acha. Waache wacheke. Anayecheka haangalii mikono."

Ilikuwa mechi, jamani. Wale wa Bunda walikuwa na nguvu, wanabeba magunia kila siku. Mlinzi wao alikuwa mrefu kunizidi, nikiinua mpira naona kiganja chake tu badala ya pete. Wanafunga, tunafunga. Wanaongoza, tunasawazisha. Kumi na nne kwa kumi na nne, zimebaki dakika sita, na hakuna aliyekuwa amekaa.

Ndipo king'ora cha kinu kikalia.

Umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Sasa ulikuwa umerudi, na kinu hakikuwa na muda wa kupoteza: zamu yote iliitwa kazini saa ile ile. Senta wao alikuwa na mpira mkononi. Aliuweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaangalia mlango wa kinu. Wenzake wakaanza kuvaa kanga zao. Nusu ya watazamaji pia wakaanza kuondoka. Mwamuzi akasema mechi imevunjika, kombe litaamuliwa kwa kurusha shilingi.

"Shilingi?" Msimamizi akasema. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo. "Wamekimbia mpaka hapa ili shilingi iamue?"

Akavuka uwanja, na sisi saba nyuma yake, na wale saba wa Bunda nyuma yetu, mpaka kwa meneja wa kinu aliyekuwa amesimama mlangoni na saa mkononi. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua jibu. Mtu aliyemrudisha Nyangeta kwa dakika nne anaomba dakika sita!

"Naomba dakika sita."

"Mama, umeme unaweza kukatika tena hata sasa hivi. Mitambo haisubiri."

"Najua. Mimi pia ni msimamizi. Najua dakika sita ni pamba kiasi gani. Nipe dakika sita, halafu wanawake wangu wote wataingia kazini na wa kwako, saa nzima. Utapata mikono ya timu mbili kwa mshahara wa moja."

Meneja akatuangalia. Nadhani zile nywele zetu nyeupe zilitusaidia, tulionekana kama tumeshaanza kazi. "Na wewe mwenyewe?" akauliza.

"Na mimi mwenyewe."

"Dakika sita," akasema. "Nahesabu mimi."

Watu waliokuwa wameondoka walirudi mbio. Tulicheza dakika tano na ushei bila mtu kufunga, mikono inateleza kwa jasho. Mpira ukaja kwa Nyangeta. Nikamwona anapiga ngumi kifuani. Nishikie mtambo wangu. Nikatoka chini ya pete mbio, yeye akanirushia mpira akaingia nilipotoka, yule mlinzi mrefu akamfuata yeye maana ndiye aliyekuwa na mpira sekunde moja iliyopita, na mimi nikabaki peke yangu, mpira tayari kiganjani. Hakuna kiganja cha mtu mbele yangu. Niliona pete yote, mviringo wake wote. Nikatupa. Ukagonga chuma, ukazunguka, ukafikiri kidogo, ukazama.

Sikumbuki nani alinibeba. Nakumbuka kelele, na mwanamke mgeni kabisa wa Bunda ananibusu shavuni huku analia timu yake imefungwa. Nilipomtafuta Msimamizi kwa macho, alikuwa anakunja mikono ya koti lake. Alinipita, akanigusa kiwiko.

"Haya," akasema. "Kazini."

Tukaingia. Wanawake kumi na wanne na yeye wa kumi na tano, tukabeba pamba kwa magunia, washindi na washindwa, tukaimba nyimbo za pande zote mbili, na ile saa moja ikapita tukaongeza nyingine bila mtu kutuomba. Senta wa Bunda alinigonga ubavuni. "Huyu msimamizi wenu ni kichaa," akasema. Nikamjibu, "Tunamjuaga." Siku ile walitupikia ugali wa mtama na sato, na tulikula kwenye sinia moja.

Miaka mizuri haikudumu. Vipuri vilianza kukosekana. Mtambo mmoja ukifa, unavuliwa vyuma kumfufua mwenzake, kisha na huyo mwenzake anakufa. Mwanzoni tulifurahi, nisifiche, maana mitambo ikisimama tulienda uwanjani mapema. Lakini nikaona jambo la ajabu. Tulipokuwa na kazi, zile saa mbili za mchezo zilikuwa tamu kama sukari ya foleni. Kazi ilipoisha tukawa na siku nzima, na uwanjani hakuja mtu. Msimamizi alikuja. Alisimama na filimbi yake siku nne mfululizo, peke yake na zile nguzo mbili. Siku ya tano hata yeye hakuja.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Maduka yakajaa, foleni zikaisha, na mitumba ikamwagika sokoni marobota kwa marobota, nguo nzuri, rahisi, na vitambaa vyetu havikuwa na mnunuzi. Tukapunguzwa kazi. Uwanja ukawekwa uzio, ndani yake wakapanga magunia ya mkaa. Kamunyonge kukafunguliwa mabanda ya video, na mume wangu, aliyekuwa hakosi mechi yetu hata moja, akawa analipa kiingilio akakae kwenye benchi siku nzima kuangalia wanaume wa Ulaya wanakimbia. Msimamizi, nikasikia, amehamia kijiji cha Buswahili kulima.

Na mimi? Nikauza mitumba. Watoto walikuwa wanataka kula. Nilizunguka minadani, yale magulio ya vijijini, na robota langu, na mnada wa Buswahili niliukwepa miaka mitatu kwa sababu moja tu: sikutaka anione. Nilikuwa nauza kitu kilichotuua.

Mwaka wa nne biashara ilikuwa mbaya, nikaenda. Nilitandika turubai langu pembeni, mbali na njia. Haikusaidia. Nikiwa nimeinama kupanga nguo nikaona miguu mifupi imesimama mbele yangu, na ncha ya fimbo.

"Suguti," akasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unauza?"

Nilikunja gauni moja, nikalikunja tena. Alikaa chini polepole, goti moja lilikuwa halikunjiki vizuri. Akavuta blauzi moja kutoka kwenye lundo, akaileta karibu na macho, akapitisha kidole gumba kwenye kitambaa kama alivyokuwa anafanya kwenye mtambo, anatafuta kosa. Nilisubiri maneno. Nilikuwa nimeyasubiri miaka mitatu.

"Ufumaji mzuri huu," akasema. "Hawa nao walikuwa na msimamizi."

Nikacheka. Nikalia pia kidogo, akajifanya hajaona. Aliendelea kuchambua lundo, haraka haraka, mpaka akatoa fulana saba za kijani zilizofanana. Zilikuwa za timu fulani ya nchi za mbali, zina namba mgongoni.

"Hizi nachukua. Njoo uone nani wanavaa."

Nyuma ya mnada, kwenye uwanja wa kupuria mtama, nguzo mbili za miti zilikuwa zimesimikwa, pete zimetengenezwa na chuma cha baiskeli. Wanawake wa vijiji viwili walikuwa wanacheza, wengine wamefunga kanga kiunoni, wengine ni bibi kabisa, na waume zao wameegemea baiskeli wanabishana nani amepiga hatua na mpira mkononi. Leo siku ya mnada hakuna anayelima, akanieleza. Amewafundisha hivyo. Kila mnada, saa kumi.

"Na wewe unacheza wapi siku hizi?" akaniuliza.

"Sichezi tena, Mama. Nimezeeka. Nina watoto wanne."

Akanigeukia na uso wake wote, ule uso wa mlangoni mwa chumba cha kufumia.

"Nani alikupa ruhusa?"

Niligeuka kutazama mnadani. Robota langu lilikuwa wazi juu ya turubai, bila mtu wa kuliangalia. Msimamizi akapuliza filimbi, mchezo ukasimama, akamtoa bibi mmoja akapumzike, na kunirushia mimi fulana ya kijani.

Nikavua viatu. Aliniweka upande uliokuwa unafungwa.